Mtoto Haji Mikono Mitupu: Sikukuu katika Nyumba za Malezi ya Kambo na za Kuasili

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam, Jumamosi ya mwisho ya Novemba, mbele ya wazazi wa kuasili, ambao mtoto ni wao kwa amri ya mahakama, walezi wa kambo, wanaomlea mtoto ambaye anaweza kurudi kwao, na familia za kuaminika, zinazompokea mtoto kwa dharura. Wengi walizuiwa na mvua, wakaomba wapate maneno yenyewe. Nayaweka hapa kama yalivyosemwa, isipokuwa nimepunguza salamu na nimeficha kila linaloweza kumtambulisha mtoto.

Ndugu Mwenyekiti, maafisa ustawi wa jamii mliokuja kutusikiliza siku ya mapumziko yenu, wazazi wenzangu, walezi wenzangu, na nyinyi watoto wetu mnaocheza uani mkidhani hatuwasikii: Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Itifaki iliyobaki naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana nimepewa dakika 30 na mimi ni mtu wa Muheza. Tukianza kusalimiana kwa utaratibu wa kwetu, muda utakwisha kabla hatujafika kwa watoto.

Nimeombwa nizungumzie sikukuu. Naomba nianze na Krismasi ya kwanza ya mtoto wetu wa kwanza wa malezi. Alikuwa na umri wa miaka 7, ametoka kwenye makao ya watoto mwezi Oktoba, na kwa hiyo alikuwa na wiki zipatazo kumi tu nyumbani kwetu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumejiandaa kama watu wanaopokea harusi. Shati jipya lilikuwapo, viatu vilikuwapo, maputo yalining'inia sebuleni, na pilau lilikuwa limefunikwa kwa mkaa tangu saa tano. Saa saba mchana wageni wa kwanza wakapiga hodi: mdogo wangu, mumewe na watoto wao. Mtoto alipoona watu wazima wanaingia wamebeba vikapu, aliacha mchezo wake, akaenda kusimama katikati ya sebule, akaweka mikono nyuma, akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa kuwakaribisha wageni, beti zote, peke yake, macho ameyaelekeza ukutani. Mdogo wangu alidhani ni jambo tulilomfundisha, akapiga makofi, akatoa simu ampige picha. Mtoto akatabasamu mpaka picha ilipokwisha kupigwa, kisha akanigeukia na kuniuliza, "Mama, mstari tunapanga wapi?"

Ndugu zangu, mmelielewa swali lile? Mimi sikulielewa mara moja. Ilinichukua mpaka usiku kukumbuka kwamba katika makao mengi ya watoto Desemba ndiyo mwezi wa wageni. Wageni huja na soda, biskuti, mchele, mafuta ya kupikia na miche ya sabuni, watoto huwaimbia, picha hupigwa, mstari hupangwa, zawadi hugawiwa, na kabla ya magharibi magari huwa yameondoka. Sisemi haya kwa kuwalaumu wageni hao, kwa sababu mchele wao uliliwa na mimi mwenyewe nilipata kuwa mmoja wao, tena nilipiga picha. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo sikukuu aliyokuwa ameizoea mtoto yule. Kwake yeye, sikukuu ilikuwa siku ambayo watu usiowajua huja kukutazama, na kazi yako ni kuwapendeza.

Sisi tulidhani tumemchukua mtoto asiye na sikukuu, tukamleta kwenye nyumba yenye sikukuu. Hapo ndipo tulipokosea. Mtoto haji mikono mitupu. Hata anapofika na mfuko mmoja wa nguo, hata anapofika na nguo alizovaa tu, anakuja na sikukuu yake. Inaweza kuwa tamu, inaweza kuwa chungu, na mara nyingine ni harufu tu ambayo mwenyewe hawezi kuitaja jina. Je, tunaiuliza kabla ya kumvika ya kwetu?

Usiku wa siku ile ile nilipokwenda kumfunika shuka, nilikuta chini ya godoro mapaja mawili ya kuku na konzi ya pilau, vyote vimefungwa ndani ya lile shati jipya. Nilimgombeza. Nalisema mbele yenu bila kulipamba: nilimgombeza mtoto wa miaka 7 usiku wa Krismasi kwa sababu ya doa la mafuta. Alisubiri nimalize, akasema, "Ni ya mdogo wangu." Mdogo wake alikuwa bado yuko makao. Tulijua kwamba yupo; jina lake lilikuwa kwenye faili, nasi tulikuwa tumelisoma na kutia saini kwamba tumelisoma. Lakini tulikuwa tumepika, tumepamba na kualika watu, na hakuna aliyewaza kwamba watoto wawili ambao hawajawahi kutengana siku ya sikukuu walikuwa wametenganishwa siku hiyo na sisi wenyewe. Mume wangu aliamka alfajiri ya tarehe 26, akabeba chungu kizima. Mdogo mtu naye alikuja kwetu Machi iliyofuata, na leo wote wawili ni wanangu kwa amri ya mahakama.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwenu ni hili: Novemba ni mwezi wa kuuliza. Msisubiri Desemba, msisubiri Ramadhani iingie. Soma tena faili. Ana ndugu? Wako wapi? Sikukuu iliyopita ilimkuta wapi, na nani alikuwa hai wakati huo? Kisha muulize mwenyewe, ila usimketishe kwenye kochi ukamhoji kama karani wa sensa, kwa sababu atakujibu "Sijui", na atakuwa amesema kweli. Mtoto huzungumza mikono yake ikiwa na kazi. Mpe ungo mchambue mchele pamoja, nawe usimtazame usoni. Mambo ya maana niliyoambiwa na watoto wangu, karibu yote niliambiwa huku tunatoa mawe kwenye mchele.

Naomba nipenyeze jambo dogo hapa, kisha nirudi njiani. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inatuita walezi wa kambo. Neno hilo silipendi, na sijawahi kulificha. Katika hadithi tulizosimuliwa na bibi zetu, kambo ni yule mwanamke anayemnyima mtoto chakula baba akiwa safarini. Lakini sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya kuwa na jina na uraia, na ya kuwafahamu wazazi wake waliomzaa pamoja na jamaa zake. Mtunga sheria aliyenipa jina baya alimpa mtoto haki nzuri, nami nimekubali biashara hiyo.

Miaka minne baada ya Krismasi ile, afisa ustawi wa jamii alinipigia simu saa mbili usiku. Kulikuwa na binti wa miaka 9 aliyehitaji mahali pa kulala usiku huo huo. Alitoka katika familia ya Kiislamu ya pwani. Sisi ni Wakristo. Afisa yule alikuwa mkweli: alisema ametafuta kwanza familia ya Kiislamu na kwa usiku ule hakuipata, na kwamba ataendelea kutafuta. Alikuwa na sababu ya kutafuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema katika ibara ya 20 kwamba mtoto anapotafutiwa malezi mbadala ni lazima izingatiwe asili yake, dini yake, utamaduni wake na lugha yake, ili maisha yake yasikatike katikati. Ibara hiyo hiyo inataja malezi ya kambo, inataja kuasili, na inaitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake, ambayo wengi wenu mliokaa upande huu mnaijua kwa vitendo: unamlea mtoto kama wako, unamsomesha kama wako, lakini ubini wa baba yake humwondolei.

Binti alifika, na siku kumi baadaye Ramadhani ikaingia. Usiku wa kuamkia mwezi alinifuata jikoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Hapa daku mnakula saa ngapi?" Hakuuliza kama tunakula. Aliuliza saa ngapi. Wanangu wawili wakaacha kuosha vyombo wakanitazama. Nikamjibu, "Saa kumi alfajiri," kwa sauti ya mtu aliyekula daku maisha yake yote, kisha nikaenda chumbani kutega saa.

Tukamwachia afunge nusu siku, kama wafanyavyo watoto wa kwetu pwani wanapojifunza saumu. Jirani yetu wa Kiislamu akawa anampitia kwenda tarawehe. Mwezi ulipokaribia kwisha, jirani yule aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Mama, huyu binti nani anamtolea zakatul-fitri?" Nilidhani ni sadaka ya mtu anayejiweza. Akanieleza kwamba hutolewa kwa ajili ya kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo, hata mtoto mchanga, pishi ya chakula kwa kila kichwa, na inatakiwa iwafikie masikini kabla ya swala ya Idi. Siku mbili kabla ya Idi alituita barazani kwake. Alikuwa na gunia la mchele na mzani. Akapima, akataja jina. Akapima, akataja jina. Mumewe, yeye mwenyewe, watoto wake watano, mama mkwe wake aliyelala ndani. Kisha akapima tena kilo mbili na nusu, akataja jina la binti.

Nilikuwa nimemtazama mtoto yule kwa muda wa mwezi mzima nikitafuta dalili kwamba ameanza kutulia. Nilikuwa nimemnunulia gauni la Idi, kilemba na kandambili zenye maua. Hakuna hata kimoja kilichomfanya akae vile alivyokaa aliposikia jina lake likitajwa mbele ya mzani. Alikuwa amehesabiwa. Nalirudia neno hilo kwa sababu nitalihitaji tena: alikuwa amehesabiwa.

Asubuhi ya Idi akasema kwa bibi yake walikuwa wanakula "ule mkate". Mkate gani? Hakujua jina. Ulikuwa mweupe? Kidogo. Mtamu? Ndiyo. Unanukia nini? Hapo akafumba macho, akasema, "Unanukia Idi." Jamani, mngefanyaje na jibu kama hilo? Mimi niliamua kutafuta. Jumamosi ya kwanza nikapika vitumbua. Akala, akashukuru, akatikisa kichwa. Jumamosi ya pili kaimati; hapana. Jirani akaleta mkate wa mayai. Hapana, ila tulikaribia, kwa sababu ulikuwa na iliki. Ndipo shangazi yangu wa Tanga, niliyempigia simu nikiwa nimekata tamaa, akasema, "Nyie watu wa Dar mmesahau hata mkate wa kumimina?" Tukaloweka mchele usiku, tukausaga pamoja na tui zito la nazi, tukatia hamira, sukari na iliki, tukauacha uumuke, tukaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, moto chini na makaa juu ya kifuniko. Nilipofunua, mvuke ulimfikia binti mlangoni. Alisimama palepale. Kisha alilia, na kilio kile kilikuwa kirefu, na sikumwambia anyamaze.

Baadhi yenu mmeniuliza wakati wa chai kama si vibaya kumkumbusha mtoto yale yanayomliza. Nami nawauliza: tangu lini mtoto yule alikuwa amesahau? Alikuwa amebeba harufu ile peke yake kwa miezi. Siku ile tuliibeba sisi sote, kisha tukaila na chai. Wanangu walimaliza vipande sita.

Sasa twende Kilimanjaro, kwa sababu najua nusu ya waliomo humu tayari wameshakata tiketi. Mume wangu ni mtu wa Marangu. Mnaujua utani kwamba Desemba ikifika Wachaga wanarudi kwao kuhesabiwa. Mabasi hujaa, barabara ya Segera mpaka Himo huwa kama siafu wanahama, na mtu ambaye hajamwona kaka yake mwaka mzima katika jiji hili hili moja humwona kule mlimani, chini ya migomba. Tunacheka, lakini hebu tuutazame utani huo vizuri. Krismasi yenyewe inaanza na watu waliokuwa safarini kwenda kuandikishwa, kila mtu mjini kwao. Na kule Marangu mbuzi anapochinjwa, nyama haigawiwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe kwa kadiri ya nafasi yake katika ukoo, na anayekaa kando ya moto akitazama mgao anaweza kuusoma ukoo mzima bila kuuliza jina hata moja. Sasa mtoto wa kulea anasimama wapi katika mgao huo?

Mwaka wa kwanza tulipompeleka yule mkubwa, alipokelewa vizuri kupita kiasi. Alipewa kiti. Alipewa soda. Watoto wengine walikuwa wanatumwa: huyu maji, yule kuni, yule majani ya mgomba ya kutandika nyama. Yeye kila aliponyanyuka aliambiwa, "Wewe kaa, baba, pumzika." Nikamwona pale kwenye kiti, chupa mkononi, mgongo umenyooka, na nikauona uso wake unaanza kujipanga. Nilijua kinachofuata. Alikuwa anajiandaa kuimba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumeizoea methali hiyo kama kejeli kwa mgeni asiyeondoka. Siku ile niliisikia kwa namna nyingine kabisa: jembe ndilo linalomwondolea mtu ugeni. Aliyeokoa siku ni baba mkwe wangu, mzee asiyejua lolote kuhusu mikataba ya kimataifa. Alipita, akamtazama mtoto, akasema, "Wewe mbona umekaa kama bwana ushuru? Njoo ushike mguu huu, mbuzi ananishinda." Mtoto alishika mguu. Alirudi na damu kwenye shati, na kwa mara ya pili katika maisha yake shati jipya liliharibika siku ya sikukuu, na safari hii nililishukuru doa.

Sitawaficha kwamba jioni ile ile mmoja wa jamaa zetu alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba mtoto wa kulea ni wa kulea na damu ni damu. Mtoto alisikia. Watoto husikia kila kitu, hasa lugha tunazodhani hawazijui. Mume wangu hakugombana naye mbele ya watu, jambo ambalo wakati ule liliniudhi na leo naliona lilikuwa na busara. Ila mwaka uliofuata, mwezi Novemba, alipiga simu moja moja kwa dada zake na kaka zake, na maneno aliyowaambia nayakumbuka kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni nikisikiliza: "Hatuwaombi mmpende. Tunawaombeni mmtume." Nendeni nyumbani na maneno hayo. Upendo hauagizwi kwa simu. Lakini shangazi anaweza kuombwa amtume mtoto chumvi, naye mtoto akienda na kurudi mara tano ameshajua mlango wa nyuma uko wapi, mbwa anaitwa nani, na chumvi inakaa kwenye kopo lipi. Je, si hivyo ndivyo sisi wenyewe tulivyokuwa watu wa kwetu?

Mwaka huo wa pili mzee alimchukua mtoto kwenda kupunguza isale kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mnaoijua isale mnajua kwamba Wachaga huiheshimu kuliko mimea mingine: huonyesha mpaka, jani lake hupelekwa na anayeomba radhi, na hupandwa makaburini. Mzee alimweleza hayo yote wakitembea, wakafika kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba, akamwonyesha isale ya baba yake na ya babu yake. Mtoto akauliza, "Na la mama yangu limepandwa nini?"

Mzee hakuwa na jibu. Alirudi, akakaa jikoni na sisi, jambo asilolifanya kwa kawaida, akatupa swali lile kama alivyopewa. Nasi hatukuwa na jibu. Tulijua kwamba mama wa watoto alifariki. Hatukuwa tumewahi kuuliza alizikwa wapi. Fikirini: tulikuwa tumeuliza habari za chanjo, za shule, za mzio wa chakula, na hatukuwa tumeuliza mahali mama yao alipo.

Afisa ustawi wa jamii alisaidia, na kazi ile ilichukua muda wa karibu mwaka mzima. Tuliishia kwenye makaburi ya umma ya mji mmoja ambao sitautaja. Mlinzi wa makaburi hakuweza kutuonyesha kaburi lenyewe, maana vibao vya mbao vilikuwa vimeliwa na mchwa. Aliweza kutuonyesha mstari waliozikwa watu wa mwezi ule. Basi hatukupata kaburi, tulipata mstari. Mkubwa akauliza kama inaruhusiwa kupanda isale mwanzoni mwa mstari, ili iwe ya wote waliomo, kwa sababu hao wengine nao huenda wana watoto wanaowatafuta. Alikuwa na miaka 10. Mlinzi akaenda mwenyewe kuleta jembe. Kipande cha isale tulikuwa nacho, tulikitoa Marangu tumekifunga kwa gazeti lenye maji.

Wazee wetu wana msemo, asiyekuwepo na lake halipo. Ni msemo wa kweli kwenye mgao wa nyama na kwenye mirathi, lakini nawaomba msiuruhusu uvuke kizingiti cha nyumba iliyo na mtoto wa kulea au wa kuasili. Kwetu, tarehe 25 Desemba, kabla ya chakula, mume wangu anataja waliotangulia: babu yake, bibi yake, baba yangu, na mama wa watoto kwa jina lake. Mdogo hamkumbuki hata sura. Lakini jina analisikia likitajwa pamoja na ya wengine, na mwaka jana, baba alipokohoa katikati ya sala akanyamaza, mdogo ndiye aliyelitaja.

Muda unaniacha, kwa hiyo mambo mengine nayapitia haraka. Zawadi: ndugu akileta nguo za watoto wawili na nyumbani wapo watatu, zipokeeni kwa shukrani, ziwekeni kabatini, zisitoke mpaka ya tatu ipatikane, na mwaka unaofuata mtumieni ndugu huyo idadi na vipimo mapema. Picha: mtoto aliye kwenye malezi ya kambo si wa kuwekwa kwenye simu zetu kila mtu amwone, waambieni wageni kabla hawajaketi, msiwanyang'anye simu katikati ya keki. Ahadi: usimwahidi mtoto kwamba mama yake atakuja siku ya sikukuu, hata kama mama mwenyewe ameahidi. Sema, "Tumemwandalia sahani," maana sahani iko mikononi mwako na mama hayuko mikononi mwako. Na kama mtoto ataharibu siku nzima, akavunja glasi, akakataa kula, akamtukana binamu, jueni kwamba hata sisi watu wazima tuna siku ambazo furaha ya watu wengine hatuiwezi. Mpeni nafasi ya kutoka nje, na mtu wa kwenda naye asiyeuliza maswali.

Nimebakiza swali moja nililoulizwa na mama mmoja mlangoni, nami sikuweza kumjibu pale. Aliuliza: kuna faida gani kujenga mila na mtoto ambaye ataondoka? Kwa maana malezi ya kambo, wenzangu, si kuasili. Mtoto anaweza kurudi kwao, na mara nyingi hilo ndilo tunaloliomba.

Binti wetu alirudi. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, maafisa walimpata bibi yake mzaa mama, wakaenda mara kadhaa kuikagua nyumba, wakaridhika. Tulimsindikiza sisi wenyewe. Bibi alitupokea kwa mikono miwili, akatukalisha kwenye mkeka, na kulikuwa na mkate wa kumimina kwenye sinia, mzuri kuliko wowote nilioupika, umeiva juu na chini rangi moja. Tulirudi Dar es Salaam na nyumba ilikuwa kubwa mno.

Ramadhani iliyofuata hatukula daku. Hakukuwa na mtu wa kufunga. Lakini siku moja kabla ya Idi nilimkuta mwanangu mdogo jikoni ameloweka mchele. Nikamuuliza ni wa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza, akasema, "Si kesho Idi?" Sisi ni Wakristo, tuna Wakristo nyumba nzima, na kesho yake asubuhi tulikuwa tumezunguka jiko la mkaa tukisubiri mkate uive. Ulizama katikati kama bakuli. Nikampigia simu bibi, nikamweleza nilivyofanya hatua kwa hatua. Nyuma yake nilimsikia binti akicheka na kusema kitu. "Mjukuu wangu anasema," bibi akaniambia, "makaa ya juu mama huwa anayachelewesha."